Mti wa Maji wa Lipingo

Vijana wa ofisi mmeniomba niandike habari za kazi yangu kabla sijazoea kulala mchana. Nadhani mlitaka kusikia nilivyopanda ngazi. Ngazi yenyewe ilikuwa fupi, na barua zake zote zimo kwenye faili langu, kazisomeni. Mimi nitaandika juu ya namba, maana ndizo nilizozitumikia, na juu ya moja ambayo sikuitumikia vizuri.

Niliripoti Mbinga mwezi wa saba, baridi ikiuma hasa, nimevaa suruali ya tetroni na viatu vya kaka yangu. Mkuu wa kituo chetu kidogo cha vipimo vya maji alikuwa Mzee Gaudensi, Mmatengo mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Hakuniomba cheti. Alinipa karatasi na penseli, akaniambia niandike jina langu. Nilipomaliza aliichukua, akaichovya kwenye ndoo ya maji, akaitoa. Jina lilikuwa palepale. Akachovya karatasi nyingine iliyoandikwa kwa wino, ikatoka imekuwa madoa ya buluu matupu.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, mzee."

"Basi kalamu yako ya wino kamwandikie mchumba. Hapa tunafanya kazi na maji."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya siku ya kwanza. Ya pili tulikwenda Mpepai kwa miguu kuangalia kipima mvua, na mwenye shamba akatupa ndizi mbivu, nami nikadhani serikali ni kazi nyepesi.

Kwa wale mliozaliwa mkakuta namba zinajituma zenyewe kutoka ziwani, nieleze kidogo tulivyofanya. Ufukweni mwa Ziwa Nyasa, katika vijiji vichache, tulisimika nguzo ya mninga iliyopigiliwa bati lenye mistari ya sentimita. Watu wa pale waliiita mti wa maji. Kila asubuhi msomaji, ambaye ni mtu wa kijiji hichohicho, alikwenda kutazama maji yanaukata mti kwenye namba gani, akaandika katika daftari lenye karatasi ya kaboni. Mwisho wa mwezi nakala ilipanda milimani kuja Mbinga kwa gari lolote litakalopatikana, hata likiwa limepakia usipa, dagaa wa ziwa letu. Madaftari ya miaka ile yananuka mpaka leo.

Ila namba ya mti haina maana kama hujui mti wenyewe umesimama wapi. Kwa hiyo juu kidogo ya kila ufuko tulimwaga zege, tukaliita jiwe la alama. Hilo halihami. Mara moja kwa mwaka mkaguzi alitakiwa kwenda na darubini ya levo, apime kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye mti, ahakikishe mti haujazama wala kusukumwa na mtumbwi, yaani sifuri ya bati iko palepale. Kisha alijaza fomu nakala tatu: moja ya msomaji, moja ya ofisi, moja ya mkoa. Mkaguzi wa ziwa nilikuwa mimi.

Mzee Gaudensi alikuwa na desturi moja iliyowachekesha wenzake wa idara nyingine. Kila Jumatatu aliandika kwa chaki, kwenye ubao uliotundikwa nje ya ofisi, mvua ya Mpepai, mvua ya Litembo, kina cha mito na kina cha ziwa. Wiki nyingine msomaji pekee alikuwa mbuzi wa jirani. Siku moja nilimuuliza kwa nini tunajisumbua.

"Namba hizi tumezitoa wapi?" aliniuliza.

"Kwa wasomaji wetu."

"Na wasomaji ni watu gani?"

"Wanavijiji, mzee."

"Sasa nani alikuambia ni zetu?"

Baadaye nikaanza kuwaona wanaokuja. Kulikuwa na mkulima aliyepima mvua ya mwaka huu kwa ya mwaka jana kabla ya kupanda maharage, wenye mitumbwi waliopanda mjini kwa shughuli zao wakapita kuona ziwa lao limeandikwaje, na mlevi mmoja maarufu aliyewekeana dau na wenzake juu ya kina cha ziwa. Yule mlevi ndiye aliyegundua siku tuliyokosea kunakili, na alitutukana vizuri sana.

Kati ya wasomaji wote, aliyenivutia zaidi alikuwa Mama Tekla wa Lipingo. Mume wake alikuwa mvuvi, yeye mwenyewe alifundisha watoto Jumapili kanisani kwao, Waanglikana wale, na kila asubuhi alisoma mti kabla ya kwenda kwenye shamba la muhogo. Mwandiko wake ulikuwa wa kuchongwa. Katika miaka yote nakumbuka siku moja tu ambayo namba haikuwa na mkono wake. Pembeni iliandikwa: "Amesoma Baba Tekla, mimi nimejifungua." Kesho yake mwandiko wake ulirudi.

Halafu ikaja miaka ya ukame wa petroli. Landrova yetu iliwekwa juu ya mawe, na kuku wakataga chini yake. Darubini ya levo ilipelekwa Songea kutengenezwa, ikakaa huko kama mtu aliyeoa ugenini. Mzee Gaudensi akastaafu, akarudi kwao Mpepai kwenye kahawa zake. Katika miaka hiyohiyo ziwa lilipanda kuliko tulivyozoea. Kutoka Lipingo ililetwa karatasi iliyoandikwa "Mti umezama", ikifuatwa na wiki kadhaa bila namba. Baadaye namba zikaanza tena, zikiwa ndogo. Nikasema moyoni, ziwa limeshuka.

Mkoa ulitaka fomu za ukaguzi kabla ya mwisho wa mwezi. Usafiri haukuwepo, darubini haikuwepo, na kutembea kutoka Mbinga mpaka ziwani na kurudi ni safari ya mtu mwenye sababu. Niliona sina sababu. Nilikaa mezani, nikachukua fomu ya mwaka uliopita, nikanakili: "Mti uko imara. Sifuri haijabadilika." Nikasaini, nikagonga muhuri, nakala ya msomaji nikaituma Lipingo na lori la mtu. Mwaka uliofuata nilifanya hivyohivyo, na sasa mkono ulikuwa mwepesi zaidi. Uongo wa kwanza ulinisumbua siku mbili. Wa pili niliusahau kabla chai haijapoa.

Ruksa ya biashara huria ilipofika milimani kwetu, mambo yalibadilika haraka. Wanunuzi binafsi wa kahawa walipita na pikapu mpya mbele ya Landrova yetu ya kuku. Serikali ikaambiwa ipunguze mwili, na kila ofisi ikawa inanong'onezana juu ya orodha ya watakaopunguzwa. Ndipo ukaja mradi wa maendeleo ya ufuko wa ziwa, na mradi ukaleta kompyuta. Kampuni iliyopewa kazi hiyo ilitutumia mtaalamu kutoka Dar es Salaam, kijana mpole, msafi, anayenywa maji ya kuchemsha tu. Sote tulimwita Injinia. Kazi yake ilikuwa kuingiza madaftari yetu yote katika kompyuta, kisha kuchora mstari wa salama kwenye ramani ya ufuko, ili chini ya mstari ule pasijengwe kitu cha umma.

Nilichapa miezi saba kwa vidole viwili. Ile programu ilikuwa na safu tatu: kituo, tarehe, kina. Basi. Msomaji aliyeandika "mamba kalala karibu na mti, nimesoma kwa mbali" hakuwa na pa kumwekea mamba wake. Nilimwambia Injinia. Akasema mashine haihitaji hadithi. Nikarudi kuchapa, kwa kuwa yeye ndiye aliyesoma na mimi ndiye niliyekuwa natafuta herufi M.

Kisha akaona ule ubao wetu wa chaki, ambao niliuendeleza baada ya Mzee Gaudensi. Akaniomba niuondoe. Alisema takwimu sasa ni mali ya mradi mpaka ripoti itoke, na baada ya hapo atakayezihitaji ataandika barua kwa kampuni. Nilimuuliza mkulima wa Mpepai ataandika barua kwa Kiingereza au vipi. Alicheka kwa adabu. Ubao niliuondoa, lakini nilimwomba ruhusa ya kuchapisha majedwali na michoro niwapelekee wasomaji wahakiki makosa ya kuchapa. Alikubali. Ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba nilitaka watu wazione namba zao.

Lipingo tulikwenda pamoja, mimi na Injinia, kwa gari la mradi. Kijiji kilikuwa kinasubiri kwa hamu, maana mradi uliahidi wodi ya wazazi, na kila mtu alitaka ijengwe kwenye uwanda wa mchanga karibu na maji. Akina mama wa vijiji vya jirani huletwa kwa mtumbwi, na nani atampandisha mama mwenye uchungu mlimani? Kwa mchoro wa Injinia, uwanda ule ulikuwa juu ya mstari wa salama. Vigingi vilikuwa vimeshapigwa. Tulibandika mchoro kwenye ukuta wa darasa, mwenyekiti wa kijiji akawakaribisha watu watazame.

Mama Tekla alifika ametoka shambani, tope miguuni.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo namba zangu hizi?"

"Ndizo zenyewe."

Alifuata ule mstari kwa kidole, polepole, kama anavyowaonyesha watoto wa Jumapili mistari ya kusoma. Kidole kikafika kwenye ile nafasi tupu, kikavuka, kikakuta mstari umeanguka chini. Kikasimama.

"Hapa mmeandika ziwa lilishuka."

"Ndivyo namba zinavyosema, mama," Injinia alimjibu.

"Baba, mwaka huo ziwa liliingia jikoni kwangu. Tulikula ugali tumekaa kitandani."

Watu wakacheka, kisha wakaanza kukumbuka. Mwingine alipoteza mbuzi. Mwingine alifunga mtumbwi kwenye mlango wa nyumba. Mama Tekla akaeleza bila haraka kwamba mti ulizama, mawimbi yakaanza kuung'oa, na vijana wakasema mali ya serikali isipotee mikononi mwetu. Wakaubeba, wakausimika upya juu zaidi, penye maji haba, wakaunyoosha kwa kamba mpaka ukasimama sawasawa. Hata bati waliliosha. Nikiwa pale nilielewa kila kitu mara moja. Mti ukipanda juu, namba zinashuka. Ziwa halikushuka hata kidogo.

Injinia alifungua mkoba wake. Alikuwa mtu makini, kila karatasi alikuwa nayo. Akatoa fomu.

"Nina ukaguzi wa mwaka huohuo na wa mwaka uliofuata. Mti uko imara, sifuri haijabadilika. Hii ni karatasi ya serikali, yenye saini na muhuri. Nami siwezi kuhamisha jengo kwa kumbukumbu ya watu." Akanigeukia. "Au vipi, Bwana Osmundi?"

Watu wote walinitazama. Nikasema nitapitia kumbukumbu ofisini. Kauli hiyo nimeisema mara nyingi kazini, na sikuwahi kuionea aibu kama siku ile.

Kabla hatujaondoka, Mama Tekla aliniita kwake nikanywe maji. Alitoa kopo la biskuti juu ya kabati, ndani yake mlikuwa na nakala zote nilizomtumia, zimekunjwa vizuri. Akanionyesha ile moja.

"Tulipouhamisha mti niliogopa. Nikasema tumeharibu kazi ya watu. Halafu ikaja karatasi yako, kwamba mti uko sawa. Nikashukuru Mungu, nikajua umekuja kuupima siku nikiwa shambani, ukaona tulivyouweka, ukaridhika. Ndiyo maana sikuandika kitu." Akainua macho. "Ulikuja, mwanangu?"

"Sikuja, mama."

Hakunigombeza. Aliikunja fomu akairudisha koponi, kisha akasema binti yake Tekla ana mimba ya pili, na kwamba atajifungulia katika wodi hiyo. Nilimaliza maji, nikarudi garini.

Mbinga nilikuta orodha ya kupunguzwa inaandaliwa. Nilikuwa na watoto wanne shuleni. Njia ya kutokea ilikuwepo, tena nzuri: ningeweza kusema mti ulihamishwa baada ya ukaguzi wangu, wazee wamechanganya miaka. Nani angebisha? Nilikwenda Mpepai kumwona Mzee Gaudensi, nikidhani ataniambia niseme nini. Nilimkuta anapogoa kahawa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukata.

"Sikusaidii," alisema. "Ulipokuwa unasaini hukuniuliza."

"Mzee, nina watoto."

"Na hao wa Lipingo wanaozaliwa ni nini, samaki? Mficha uchi hazai, Osmundi. Nipe huo msumeno, kisha uende, gari la mwisho litakuacha."

Nilikasirika njia nzima. Nilitaka huruma, yeye akaniomba msumeno. Lakini Jumatatu niliazima darubini ya levo kutoka mkoani, nikateremka Lipingo, nikapima kutoka kwenye jiwe la alama mpaka kwenye mti. Tofauti ilikuwa mita moja na sentimita ishirini na tatu. Nikaongeza hizo juu ya namba zote za baada ya mti kuhama. Uwanda wenye vigingi ukazama wote katika karatasi yangu.

Nilimwekea Injinia hesabu ile mezani.

"Kwa hiyo fomu hii ni ya uongo," alisema.

"Ni ya uongo. Saini tu ndiyo ya kweli."

"Unajua orodha inaandaliwa?"

"Najua."

Akanisogezea karatasi tupu. "Basi iandike, uisaini. Safari hii baada ya kufika."

Niliandika. Wodi ilihamishiwa juu, njiani kuelekea kanisani, na kwa muda mrefu akina mama walinilaani kwa kile kilima. Mmoja alijifungulia njiani, akamwita mtoto Kilima, na kila nikifika Lipingo aliletwa mbele yangu anisalimie. Mimi nilipata barua ya onyo kali na orodha ikanipita. Labda walinihurumia, au labda hapakuwa na mwingine anayejua kuiwasha kompyuta. Watu huniuliza kama maji yalifika kwenye ule uwanda. Masika moja yalifika, yakavilaza vigingi vya pembeni, yakarudi. Mama Tekla aliniandikia namba ya siku hiyo katika daftari, bila neno lingine.

Miaka miwili baadaye mradi ulikwisha, kampuni ikaondoka. Siku moja tuliwasha kompyuta, programu ikatuomba nenosiri tusilolijua, na namba zote za ziwa zikabaki humo ndani. Tuliandika barua, hazikujibiwa. Kilichotuokoa tusiyarudie madaftari yote upya ni yale majedwali niliyoyatundika vijijini. Tulizunguka kuyakusanya kwenye kuta za madarasa na maghala, mengine yameliwa na mchwa pembeni, tukachapa upya kila kitu. Tangu hapo nimekuwa mbishi katika vikao, mnanijua. Sina ugomvi na kampuni, wala kompyuta siichukii. Ninachosema ni kwamba nyumba ya namba za watu ijengwe na serikali, funguo zibaki serikalini, na dirisha liwe wazi kwa kila anayepita. Si kwa sababu sisi watumishi ni wema. Nimeshawaeleza tulivyo. Ni kwa sababu kosa langu lilikaa miaka kwenye makabati ya serikali bila kuonekana, na lilikaa dakika chache tu kwenye ukuta wa darasa.

Mfumo mpya wa serikali ulipokuja, huu mnaoutumia ninyi, ambao hata mwanafunzi akiwa Lipingo anaweza kuufungua kwenye simu, nilipigania safu ya nne, ya maelezo. Walipoiweka, maelezo ya kwanza kuingia yalikuwa yangu. Yalisema: "Kuanzia hapa namba zimesahihishwa kwa sentimita 123. Mti ulihamishwa na wanakijiji ili kuuokoa. Mkaguzi Osmundi alithibitisha bila kufika."

Wiki iliyopita wawili wenu mlikuja nyumbani kunisalimu, mkaniletea blanketi la kustaafu, zuri kabisa, baridi hii najifunika nalo. Mkaniambia kwa furaha kwamba mmenifanyia na zawadi nyingine: ile sentensi yenye jina langu mmeifuta, ili mzee apumzike na heshima yake. Nilishindwa kusema kitu kwa kuwa mlikuwa mnatabasamu, na mke wangu alikuwa ameshaanza kuwashukuru. Mlipoondoka nilimwomba mjukuu anifungulie mfumo kwenye simu. Sasa imebaki kwamba mti ulihamishwa na wanakijiji, na nukta. Mtu yeyote akisoma leo atadhani kosa lilikuwa lao. Mama Tekla tulimzika mwaka juzi, na lile kopo sijui liko wapi.

Blanketi nitabaki nalo. Sentensi irudisheni.